Dirisha la Nyuma

Jumatatu, 17 Novemba 1997

Daktari Damiano amenipa madaftari mawili. Moja ni la kazi: jina, tarehe, vidonge vingapi. La pili lilizidi tu kwenye boksi, akasema nichukue nikaandikie mapishi. Mapishi nayajua. Nitaandika humu yale yasiyoingia kwenye la kwanza.

Leo tumeanza. Zahanati yetu hapa Kawajense ni ya parokia, vyumba vitatu na bati linalovuja. Damiano mwenyewe ni tabibu tu, lakini watu wa Mpanda wakikupenda wanakupandisha cheo. Mwezi wa nane alikwenda semina, akarudi na wazo moja lisilomtoka kichwani. Mtu aliyenaswa na dawa za kulevya asifungwe kamba, asifungiwe ndani, wala asiishie kuombewa tu. Apewe vidonge vya kodini, dawa ya maumivu iliyo nyepesi zaidi, kila siku, ameze mbele ya macho yetu, arudi kwake. Kila wiki tupunguze nusu kidonge. Tunaanzia vinane, tunashuka mpaka nusu, na kesho yake hakuna kitu.

"Ni sawa na mtu aliye juu ya mti, Romana," ananiambia. "Humsukumi. Unamshikia ngazi."

Wagonjwa ni wawili. Gelasius alikuwa dereva wa lori la tumbaku. Alivunjika paja, akachomwa sindano za maumivu miezi minne. Paja likapona, sindano zikamng'ang'ania. Wa pili ni Amri, mtoto wa marehemu Bashiru aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Amri alikaa Dar es Salaam miaka sita akivuta unga. Mwezi wa tisa treni ilimshusha hapa na mfuko wa rambo mkononi, amekonda mpaka mama yake akampita pale stesheni bila kumtambua.

Kila mmoja ana kadi yenye vyumba vidogo. Akimeza natia vema. Akikosa siku tatu mfululizo, daktari anaandika kwa kalamu nyekundu MTORO, na dawa zake anapewa mwingine.

Amri aliniuliza kabila. Nikamwambia mimi Mfipa.

"Basi nimekwisha," akasema. "Mimi Mnyamwezi. Dawa yangu anaishika mtani?"

"Fungua mdomo, mpagazi. Babu zako walibeba pembe mpaka pwani hawakulia, wewe vidonge vinane vinakutoa machozi."

Foleni nzima ilicheka. Naye alicheka, akameza. 

Jumanne, 18 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Wamekuja wote wawili.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo nimeharibu. Ilikuwa siku ya kupima watoto, akina mama wamejaa barazani. Sisi tuna desturi ya kuita jina na dawa, kwa sauti, ili watu wasibadilishane vidonge kwenye foleni. Basi nikatoka mlangoni kama siku zote: "Gelasius! Dawa ya kuacha sindano!"

Akina mama wakageuka kwa pamoja. Mmoja wao, Gelasius ndiye alimsimamia mtoto wake ubatizo. Gelasius alikuja, akameza, akaniambia "Asante, sista" huku anatazama sakafu.

Jumapili, 23 Novemba

Siku ya tatu bila Gelasius. Kalamu nyekundu imetoka. Baada ya misa nilikwenda kwake, nikamkuta mkewe Theopista anaanua mahindi kwa ajili ya mawingu.

"Ameenda Katumba, kwa rafiki yake Mrundi mwenye shamba la tumbaku," akaniambia. "Kasema bora akaugulie huko ambako hawamjui."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningelala vizuri zaidi.

Jumatano, 26 Novemba

Stoo yetu ina dirisha dogo linalotazama migomba, nyuma kabisa. Nimetoa maboksi, nimeng'oa misumari, nimefuta buibui. Kuanzia leo dawa hizi zinatolewa pale. Hakuna kuita jina. Anayekuja anagonga ubao, basi.

Amri amegonga. "Dirisha la wachawi hili," akasema. "Ungo wako umeuegesha wapi?"

"Umepanda kuleta mvua. Meza."

Nimegundua jambo juu yake. Mpanda hii kila mtu anamwonea huruma au anamfichia mkoba. Huruma inamrudisha nyumbani akiwa ameinamisha kichwa. Matusi yangu ya utani yanamnyoosha. Mtu anayetaniwa bado ni mtu.

Jumamosi, 29 Novemba

Nilijizuia wiki mbili, leo nimeshindwa. Nimemuuliza Amri kama huko Dar aliwahi kukutana na Sylvanus.

Sylvanus ni mdogo wangu, kitinda mimba. Mama alipofariki alikuwa na miaka minne, mimi kumi na sita, nikamlea mimi. Alipokuwa akirudi jioni kutoka kuchunga, alipiga mluzi tangu kule mtoni, sauti tatu, ya mwisho inapanda, ili nijue nisonge ugali. Mwaka tisini na tatu alipanda treni kutafuta kibarua bandarini. Pasaka ya tisini na sita aliniandikia kwamba ameingia kwenye unga, anaumwa, anaomba arudi nyumbani. Nilimjibu. Nilijibu nini, leo siandiki. Tangu siku hiyo sijapata barua.

Amri alitazama migomba. "Dar ni kubwa, dada," akasema.

Ndiyo, Dar ni kubwa. Lakini watoto wa Mpanda hutafutana.

Jumapili, 30 Novemba

Amri hakuja.

Jumatatu, 1 Desemba

Amekuja. Anasema ni mvua. Amelowa kweli, pua inachuruzika, mifupa inamuuma. Hali hiyo yeye anaiita arosto. Siku moja tu bila dawa na amekuwa mzee.

Ijumaa, 5 Desemba

Vidonge saba. Mama yake, bibi Mwanaiddi, ameniletea maandazi. Anayauza stesheni siku za treni. Amenishika mkono hakusema kitu, naye mwanamke yule kwa kusema hana mpinzani.

Jumanne, 9 Desemba

Uhuru. Gwaride limeishia kwenye tope.

Jumapili, 14 Desemba

Noeli inakaribia na mimi kila Noeli napatwa na wazimu wa kuandika barua. Nimemwomba Amri anitajie mitaa ambayo wavuta unga wanakaa, niandike kwa wenye maduka wa huko, labda mmoja atamwona Sylvanus.

"Sikumbuki mitaa, dada. Tulikuwa tunalala popote."

Dada tena. Siku nyingine zote mimi ni mtani, mchawi, mwenye ungo.

Jumatano, 17 Desemba

Jumatatu hakuja. Jana hakuja. Leo hadi saa nane mchana dirisha kimya, na daktari ameweka kalamu nyekundu juu ya meza, hakuigusa, ameiweka tu niione.

"Nipe mpaka jioni," nikamwambia.

"Kanuni ni kanuni, Romana. Tukimwachia huyu, tutamnyima nani?"

"Gelasius nilimpoteza mimi kwa mdomo wangu. Huyu niache nimtafute kwa mdomo huo huo."

Nikajifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, kama mtu aendaye msibani, nikashika njia ya kwao. Kwetu mtani anaruhusiwa jambo ambalo hata ndugu wa tumbo moja haruhusiwi: anaweza kukulilia mzima. Ukimkimbia mtani, ukimnyima, ukimficha kitu, anakuja mlangoni kwako na kukuombolezea mpaka uone haya. Nilipofika kwenye michongoma ya bibi Mwanaiddi nikaweka mikono kichwani nikaanza.

"Uwiii! Jamani, mtani wangu kafa! Kafa, hakuniaga! Nani atanisumbua tena dirishani, jamani! Nani atanibebea mizigo!"

Majirani wakatoka. Wasukuma wanaokaa nyumba ya pili, wale waliohamia na ng'ombe wao, walishika midomo, hawakujua kama ni kweli. Bibi Mwanaiddi alitoka jikoni na unga wa ngano mpaka kwenye viwiko. Aliponiona akafahamu mara moja, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikazidisha, nikagaagaa kidogo pale penye ukavu.

Ndipo Amri akatoka. Hakuwa anacheka. Alisimama mlangoni ameshika mwimo, midomo imekuwa ya kijivu, amenitumbulia macho.

"Nani amekwambia?" akasema.

"Nani kaniambia nini?"

Akanitazama. Akamtazama mama yake anavyocheka. Kisha naye akatoa kicheko, lakini kilichelewa, kilitoka kama kikohozi.

"Nani amekwambia nimekufa, mchawi wewe," akasema. "Twende."

Tulikwenda pamoja kwenye mvua. Nilimpita mbele, nikaingia stoo, nikafungua dirisha, yeye akazunguka kwa nje akagonga ubao kama kanuni inavyosema. Akameza. Nikatia vema ya leo. Daktari akairudisha kalamu kwenye droo.

Nimefurahi leo. Lakini uso ule wa mlangoni sijauelewa.

Jumamosi, 20 Desemba

Treni haikuja. Wanasema mvua hizi, redioni wanaziita za Elnino, zimekula tuta la reli huko mbele. Dawa zetu huja kwa treni. Tumehesabu stoo na daktari: tukijumlisha vya Gelasius, Amri atafika mwisho. Vidonge vya mtoro ndivyo vinavyomtibu aliyebaki. Nimelitafakari hilo nikakosa hamu ya kula.

Amri: "Reli imekatika na wewe una ungo. Si upae ukalete dawa Tabora?"

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Wali, kuku, mvua. Niliweka sahani ya Sylvanus, halafu nikaitoa.

Jumanne, 30 Desemba

Mwezi ukionekana, Waislamu wanafunga. Daktari anasema mgonjwa ameruhusiwa kula. Ni kweli, lakini Amri ameniambia, "Mtani, miaka sita sikufunga hata siku moja. Mwaka huu nisipofunga mbele ya mama, hata hivyo vidonge vina faida gani?"

Basi dirisha litafunguliwa magharibi, adhana ikilia. Nitakaa. Nyumbani hakuna anayeningoja.

Jumatatu, 5 Januari 1998

Natoka kazini saa tisa na nusu, narudi saa kumi na mbili na birika la uji wa ulezi. Adhana, uji, vidonge vinne na nusu. Ameanza kunenepa mashavu, na amefunga.

Jumapili, 11 Januari

Mto umepanda. Choo cha zahanati kimeanguka. Amri amekuja na buti za marehemu baba yake.

Jumamosi, 17 Januari

Leo nimekwenda na picha. Ile aliyopiga Sylvanus studio kabla ya kuondoka, amevaa koti la kaki lililomzidi mabega. Sikuuliza neno. Niliiweka tu juu ya ubao wa dirisha, karibu na kikombe.

Amri aliitazama muda mrefu. Uji ukapoa. Akasema, "Koti hili alilipenda?"

"Alilipenda sana, lakini aliliacha. Alisema Dar kuna joto. Liko kwangu."

"Kesho, dada," akasema, akaondoka. Vidonge alimeza, lakini uji aliuacha.

Sasa niandike nililomjibu Sylvanus. Niliandika hivi: "Usituletee aibu hapa. Njoo siku ukiwa umeacha." Maneno saba. Nilikuwa nimekasirika, na nilidhani hasira ni dawa. Nimemkumbuka mdogo wangu mpaka mwili unauma. Ningeusikia mluzi ule ningesonga ugali wa mtaa mzima.

Jumapili, 18 Januari

Adhana imelia, uji umepoa, hajatokea.

Nikiwa namngoja, nililifungua daftari hili nisome ya nyuma nipitishe muda. Nimesoma na nimeona. Tarehe ishirini na tisa Novemba nilimuuliza habari za Sylvanus, thelathini hakuja. Tarehe kumi na nne Desemba nilimuuliza. Akakosa siku mbili, ya tatu nikamfuata mimi. Jana picha, leo hayupo. Hajawahi kukosa siku nyingine yoyote. Mafuriko hayamzuii, saumu haimzuii. Mimi ndiye ninayemfukuza, kwa jina la mdogo wangu.

Na siku ile nilipokwenda kulia mlangoni kwake kwa mzaha, alidhani nalia kweli. "Nani amekwambia?" Hakuwa anauliza habari za kufa kwake yeye.

Sylvanus amekufa. Amri anajua. Amekuja na habari hiyo kwenye treni, na kwa desturi yetu kuibeba ilikuwa kazi yake: habari ya msiba huletwa na mtani. Ameshindwa kuitua.

Nilikaa kwenye gunia la chumvi pale stoo hadi giza likaanza kuingia. Nilitaka kukimbia kwao nimshike shati aseme. Angesema. Na akishasema hatarudi tena dirishani, namjua sasa. Mtu wa aibu kama yule atatoka kwangu aende moja kwa moja kutafuta kitu cha kumsahaulisha. Zimebaki wiki saba.

Sitamuuliza. Nitameza swali langu kila siku kama yeye anavyomeza vidonge, mpaka amalize.

Na niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: nisipouliza, kwa wiki saba nyingine Sylvanus bado yuko Dar es Salaam.

Jumatatu, 19 Januari

Amekuja, anatetemeka. Nimemwambia, "Mpagazi, jana umenimalizia uji wangu wote, nimekunywa peke yangu tumbo limejaa upepo." Picha nimeificha. Alitazama ubao wa dirisha, akaona haipo, akapumua.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Amri ameleta pilau kwenye hotpoti, amevaa kanzu ya baba yake. Vidonge vitatu mchana kweupe. Daktari Damiano amekula sahani mbili.

Alhamisi, 5 Februari

Mvua. Amekuja.

Ijumaa, 6 Februari

Mvua. Amekuja.

Jumatano, 11 Februari

Treni ya kwanza tangu Desemba. Mji mzima ulikwenda stesheni kuishangilia, na bibi Mwanaiddi aliuza maandazi yote kabla kichwa cha treni hakijasimama.

Nami nilikwenda. Miaka miwili nimekuwa nakwenda kila treni, nasimama pale penye tangi la maji, natazama wanaoshuka mmoja mmoja mpaka behewa la mwisho. Leo najua ninachojua, na bado nilitazama. Mmoja alishuka na begi begani, mabega yamepanda kama ya Sylvanus, nikapiga hatua mbili kumfuata. Alikuwa fundi saa kutoka Kaliua. Hamu haina akili. Ukiiambia hayupo, inakuuliza, umetazama vizuri?

Jumapili, 15 Februari

Kidonge kimoja na nusu kuanzia kesho. Nimemuuliza Amri kama rafiki wa rafiki yake anaweza kufika Katumba kumtafuta Gelasius. Akasema yeye mwenyewe anakwenda, kuna baiskeli.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie kuna dirisha la nyuma."

Jumatano, 25 Februari

Jumatano ya Majivu. Nimetoka kanisani na majivu kwenye paji, nimemkuta Amri amekaa chini ya dirisha kwenye kreti la soda. Alikuwa ameshameza saa moja asubuhi, kidonge chake kimoja. Saa nne hii alikuwa hapo tena.

"Umesahau kitu?"

"Treni ya jana imeleta jamaa, namjua tangu Dar," akasema. "Anao unga. Amenifuata sokoni akanipa bure, mtani. Bure. Nimemrudishia mkononi kwake na miguu yangu ikagoma kuondoka. Nilipoweza kuiondoa nimeileta hapa. Sitaki kidonge. Nimekuja kukaa."

"Kaa."

Alikaa siku nzima. Mvua ilipokuja nikampitishia turubai. Mimi nikifunga vidonda huku mbele, kila nikipata nafasi napita stoo, natoa kichwa dirishani, namtukana kabila lake. Saa nane nilimkuta analia, sikumtukana, nilisimama tu. Akaniambia bila kugeuka, "Na majivu yako hayo usoni, umetoka kupika au kuroga?" Hapo nikajua amevuka.

Jioni alikwenda nyumbani kwa miguu yake. Daktari akauliza niandike nini kwenye kadi kwa siku ya leo. Nikatia vema mbili.

Jumamosi, 28 Februari

Yule jamaa ameondoka na treni. Mungu amsindikize mbali.

Jumanne, 3 Machi

Nusu kidonge. Nakikata kwa wembe, nusu nyingine inabaki ya kesho. Namtazama akimeza nahisi kama namwaga maji ya mwisho ya mtungi. Nimemzoea. Wiki ijayo hatakuwa na sababu ya kugonga ubao huu.

Jumapili, 8 Machi

Nusu ya mwisho. Amemeza saa nne, baada ya misa. Kadi imejaa. Daktari Damiano alitoka kumpa mkono, akashindwa kusema hotuba aliyoiandaa, akarudi ndani akisingizia anatafuta miwani.

Amri hakuondoka. Nikafunga dirisha, nikazunguka kwa nje, nikakaa kwenye lile kreti. Yeye akachuchumaa.

"Mtani," nikasema, "umebakiza kazi moja."

Hakushtuka. "Umejua lini?"

"Januari."

"Na hukuuliza?"

"Ungekimbia."

Akafuta uso kwa kofia yake. Naandika alivyosema, nisije nikayapamba baadaye.

"Alikufa mwezi wa nane. Tulikuwa tunalala pamoja, mimi na yeye, kwenye banda la mbao. Sisi wa Mpanda tulikuwa wawili tu. Kila nikimwita Mfipa mchawi alikuwa anacheka, anasema, nina dada yangu huko anatukana kuliko wewe. Alikuwa anapiga mluzi, dada Romana. Alijaribu kuacha mara nne. Anaacha hivi hivi, ghafla, peke yake, anagumia siku tatu, mimi namshikia ndoo. Mara ya mwisho alifika siku kumi na tisa. Alikuwa anachora vijiti ukutani kwa mkaa. Alisema zikifika thelathini anapanda treni."

"Siku ya ishirini?"

"Aliona mtu anavuta. Akaomba kidogo. Akavuta kiasi kile kile cha zamani, na mwili ulishasahau. Ilikuwa dakika chache tu."

Nikamuuliza kwa nini alikuwa anaacha ghafla, hakuna aliyemshauri arudi kwanza nyumbani?

Amri hakutaka kusema, akaona afadhali aseme. "Kulikuwa na barua. Alikuwa nayo mfukoni mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Ulimwandikia aje akishaacha. Hakukulaumu hata siku moja. Alisema, dada ana haki, nitakwenda msafi."

"Mlimzika wapi?"

"Kwenye makaburi ya manispaa. Nilichimba mimi. Mtani ndiye anachimba, si ndivyo? Padre hakupatikana. Niliisoma ile Baba Yetu yenu, nikaishia nusu kwa sababu siijui. Ndipo nikapanda treni nije nikwambie. Miezi miwili nikaogopa kukutafuta, na siku niliyokuja kwa dawa nikakukuta unacheka, umeshika kidonge changu."

Nilipiga ukunga. Wauguzi walitoka, wagonjwa wakatoka, na bibi mmoja aliyenikumbuka tangu Desemba akasema, "Kaanza tena utani wake," watu wakacheka. Amri akasimama akawainulia mkono.

"Leo ni kweli," akawaambia. "Amefiwa. Mimi ndiye shahidi."

Alhamisi, 12 Machi

Matanga yameisha. Siku tatu sikuandika.

Amri alifanya yote. Alikwenda nyumba kwa nyumba kutangaza, alipasua kuni, alimkemea padre kwa kuchelewa. Wafipa wa Mpanda nzima walikuja, na bibi Mwanaiddi alisimamia sufuria kama jemadari. Jana mchana, watu wameinama na mimi nimekauka kabisa machozi, mtu akatokea nyuma ya nyumba amevaa koti la kaki. Ni Amri, alikuwa amelichukua sandukuni kwangu bila kuomba, haki ya mtani anayemwigiza marehemu. Alitembea mabega juu, akaingia katikati ya waombolezaji akadai ugali.

"Nimesafiri siku tatu, hamjanipikia! Dada yangu yuko wapi? Yule mkali!"

Wazee walicheka huku wanafuta macho. Kisha akaweka midomo sawa akapiga mluzi. Sauti tatu, ya mwisho inapanda.

Nilisimama. Miguu yangu ilisimama yenyewe na mkono ukatafuta mwiko. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja mbele za watu wote, sikuona haya. Nilimpakulia. Alikula yote, kwa niaba.

Jumamosi, 14 Machi

Nimerudi kazini. Mvua imepungua, migomba nyuma ya stoo imesimama wima. Nilifungua dirisha kwa mazoea, nikijua hakuna mtu.

Saa mbili ubao uligongwa. Alikuwa Gelasius, amekonda, amesimama kama mtu anayetaka kugeuka. Nyuma yake, mbali kidogo, Amri alikuwa ameshika baiskeli yenye tope la Katumba mpaka kwenye tandiko.

"Shikamoo sista," Gelasius akasema, ingawa ni mkubwa kwangu. "Nimesikia kuna dirisha."

Sikumwita kwa sauti. Nilimpa maji. Kadi yake ya zamani, yenye nyekundu, niliichana nikatoa mpya, na daktari aliniona akajifanya anasoma dari. Dawa zilikuja na treni ya juzi. Vidonge vinane.

Baada ya hapo nilichukua kadi nyingine tupu. Juu nimeandika jina: Sylvanus. Mahali pa anwani nimeandika Mpanda. Nikatia vema kwenye vyumba, kimoja kimoja, nikihesabu, mpaka kumi na tisa. Chumba cha ishirini nimekiacha wazi. Kalamu nyekundu ilikuwa juu ya meza, nikaifungia kwenye droo, nikaweka kadi hiyo kwenye boksi pamoja na za wagonjwa wetu wengine.